Jicho na Uchaguzi wa Kazi

Uchaguzi ni tendo la mtu huru. Aliyeshikwa mkono akapelekwa sokoni hasemwi kuwa amechagua njia, hata kama alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Basi kijana wa chuo, ambaye macho yake hushinda katika mitandao ya kijamii, huchagua masomo na kazi yake, au huchaguliwa?

Tusianze kwa lawama. Machi 2020, vyuo vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, simu ndiyo iliyokuwa darasa la wanafunzi wengi. Hata leo maelezo ya mhadhiri na saa ya mtihani hupitia katika makundi ya WhatsApp. Amkatazaye mwanafunzi chombo hiki kabisa hakijui chuo cha siku hizi.

Lakini chombo kina tabia yake. Kitabu kina mwisho wa ukurasa. Hapo jicho hupumzika na akili huuliza kama iendelee. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao hujiongeza kila msomaji ashukapo. Baadaye aliujutia hadharani. Swali lile likaondolewa. Mwanafunzi aliyekusudia kupumzika dakika tano hushtuliwa na adhana ya alfajiri, na kitabu chake kingali kimefungwa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kupotea kwa saa ni hasara ndogo. Usiku mmoja waweza kufidiwa na usiku wa pili. Hasara kubwa ni ya kazi. Mtandao huonyesha livutalo jicho, na kazi nyingi hazivuti jicho. Rubani katika sare yake, mchekeshaji, mwuza mavazi kando ya gari jipya, hao huonekana. Mtu apimaye maji ya mji yasije yakaleta kipindupindu hapigwi picha. Na siku afanyapo kazi yake vyema kabisa ndiyo siku ambayo hakuna jambo la kuonyesha.

Basi kijana amalizaye sekondari hukaa mbele ya orodha ya KUCCPS, idara igawayo nafasi za vyuo, akiwa na majina ya kozi mamia machoni na picha chache tu moyoni. Hudhani amepima zote. Na hizo chache ameziona upande mmoja: ameona mavuno, hakuona palizi. Mwaka wa pili palizi humfikia, naye husema amekosea kozi.

Pengine msomaji atasema kwamba zamani nako baba ndiye aliyeamua, au jirani aliyekuwa karani ndiye aliyeigwa. Ni kweli. Lakini baba alikuwa na uso. Aliweza kuulizwa, kubishiwa, hata kusihiwa. Na karani yule alionekana akienda kazini katika mvua na kurudi amechoka. Programu ipangayo picha haina uso, wala haimjui kijana ila kwa yale yaliyokizuia kidole chake kisiteleze. Haimtakii mabaya wala mema, hutaka akae.

Mwanafunzi aliyeshinda likizo nzima katika zahanati ya kijijini kwao, akabeba ndoo, akaona wagonjwa wakipona na wengine wasipone, na bado akautaka uuguzi, huyo amechagua. Mwenzake aliyetoka hapo akasema hautaki, naye amechagua vilevile.