Nafasi Iliyoachwa na Magari

Katika kisa hiki sitaji mtaa wala shule. Nakisimulia kama kisa tu, maana Dar es Salaam mitaa ya namna hii ni mingi. Geti la shule ya msingi linatazama barabara ya lami isiyo na njia ya miguu. Asubuhi magari ya wazazi hujipanga pande zote mbili, mengine yamekanyaga ukingo wa mtaro, na katikati hubaki upenyo wa gari moja na bajaji kubanana. Ukimwambia mzazi asogee, atakuambia anashusha mtoto tu, anaondoka sasa hivi.

Mtoto wa darasa la pili akisimama nyuma ya gari aina ya Noah haonekani. Kimo chake hakifiki kwenye kioo. Ili aone kinachokuja, lazima atokeze mbele ya bampa, na akishatokeza, kichwa na begi viko barabarani tayari. Ndivyo alivyogongwa binti mmoja, hatua chache kutoka getini. Alivunjika mguu. Mwenye bajaji hakuwa na mwendo mkali wala hakuwa anaongea na simu. Alikuwa anatazama mbele, na mbele hakuona mtu.

Mkutano wa mtaa ukaitwa. Wapo waliomlaumu mama wa mtoto kwa kumwachia aende peke yake, na hapo ndipo hasira hunipanda: pale getini watoto wengi huja kwa miguu, wa magari ni wachache, lakini lawama humwendea anayetembea. Mwenyekiti akatoa uamuzi: marufuku kuegesha pande zote mbili mbele ya shule. Vibao vikasimikwa, mgambo wakaletwa, magari mawili matatu yakapigwa minyororo, na haikuchukua muda barabara ikawa nyeupe.

Mama lishe wa ng'ambo ya geti alikuwa amepinga. "Mwenyekiti, ukiyaondoa haya magari ukaacha hivihivi, bodaboda watapita hapa kama wako Barabara ya Morogoro." Akazomewa. Watu walidhani anatetea sufuria zake.

Yeye hukaa pale kutwa nzima, na alikuwa ameliona jambo ambalo mkutano haukuliona. Magari yaliyoegeshwa yalimficha mtoto, ni kweli, lakini pia yaliwabana madereva. Dereva akiona njia finyu hupunguza mwendo mwenyewe, hata kama hakuna kibao. Akiona njia pana na iliyonyooka, mguu hukandamiza mafuta kabla hajafikiri. Na mwendo si jambo la kupuuza. Kwa hesabu za kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza, gari lililo kwenye kilomita 32 kwa saa husimama baada ya mita 12; likiwa kwenye kilomita 48, huhitaji mita 23. Mita 11 za nyongeza mbele ya geti la shule ni foleni nzima ya watoto.

Bodaboda wakaanza kupita magari upande wa kushoto, palepale watoto waliposimama wakisubiri kuvuka. Mvua zilipoanza, kijana wa darasa la nne alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona pikipiki iko mbali, akavuka. Alifanya yote aliyofundishwa. Huyo hakupona.

Hasara hii ingeweza kuzuilika, na ujuzi wa kuizuia haukuwa mbali. Palepale Dar es Salaam shirika la Amend lilikuwa na mradi wa SARSAI wa kurekebisha barabara za karibu na shule, mradi uliopata Tuzo ya WRI Ross ya Miji mwaka 2019. Kazi yake haikuishia kwenye vibao. Walitenga njia za miguu, wakasimika nguzo za kuzuia magari, wakaweka matuta na vivuko, na palipobidi wakahamishia geti upande wenye magari machache. Mbali na kwetu, mji wa Hoboken, New Jersey, nchini Marekani, nao uliondoa maegesho kwenye pembe za makutano ili mvukaji aonekane. Lakini sehemu nyingi nafasi iliyopatikana haikuachwa tupu: pakawekwa nguzo, sehemu za kufungia baiskeli na bustani za kunyonya maji ya mvua. Mji ule ulikaa zaidi ya miaka saba bila kifo hata kimoja cha ajali barabarani.

Mtaani kwetu mkutano wa pili ulikuwa wa kimya zaidi kuliko wa kwanza. Mwenyekiti alianza kwa kumgeukia mama lishe: "Mama, tuonyeshe wanapovukia." Akawaonyesha. Pale ndipo lilipojengwa tuta, na juu yake pakachorwa kivuko. Kando kando, yaliposimama magari, pakainuliwa njia ya miguu na kusimikwa nguzo za zege zilizokaribiana kiasi kwamba bodaboda haipenyi. Wazazi wenye magari sasa huegesha uwanja wa mpira, wakashuka, wakawasindikiza watoto wao kwa miguu.

Mlango wa nyuma, wanaopitia watoto wa awali, bado hauna nguzo hata moja. Michango iliisha kwenye zege la mbele. Kikao cha kutafuta fedha za upande huo kimepangwa Jumamosi, na safari hii mama lishe ni mjumbe.