Lodwar ya Vipande

"Hii si Lodwar," nilimwambia.

Tulikuwa tumesimama ndani ya chumba cha mabati huko Kakuma, joto kali, harufu ya tapentaini imejaa. Mbele yetu kulikuwa na ubao wa plaiwudi, na juu yake mji uliovunjwavunjwa. Paa liko chini ya mlango. Daraja la Turkwel limekatwa mara tatu: kipande kimoja kimeonekana kwa juu, kingine kwa chini, kama anavyoliona mtu anayefua nguo mtoni. Ile sanamu ya Yesu ya pale kilimani ina nyuso mbili. Mikoma imekuwa pembetatu za kijani. Rangi ni ya mafuta, ile fundi hupaka milango, maana ya wasanii ni bei ghali.

Mchoraji alicheka. Ni rika langu. Wazazi wake walitoka Kongo, yeye akazaliwa hapa kambini. Lodwar ameipita mara moja tu, usiku, ndani ya basi.

"Vipande nimepewa na watu," akasema. "Daraja ni la mama mmoja anayeuza samaki. Sanamu niliiona kwa simu. Kanamkemer nimepewa na kijana wa boda."

Pembeni aliacha sehemu moja bila rangi, mbao tupu. Nikamuuliza kuna nini hapo.

"Hapo bado sijapata mtu wa kuniambia." Halafu akanigeukia. "Na wewe, ndugu, ile stori yako ya Kakuma uliandika baada ya siku ngapi?"

Siku mbili.

Niliandika makala hiyo nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na kila neno lilikuwa ni unga. Ilisema hivi, kwa ufupi: wageni wanakula bure, sisi wenyeji tunalala njaa. Lodwar walisambaziana sana. Na haikuwa uongo, nakuapia. Shangazi yangu anauza makaa Kakuma, na ninajua siku alizolala njaa.

Mtindo wa mchoro ule unaitwa kyubizimu. Ulizaliwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 Georges Braque alichora nyumba za L'Estaque kama masanduku yaliyopangwa, hazina milango wala madirisha. Mwenzake Picasso alikuwa ameshazikodolea macho barakoa za Afrika katika jumba la makumbusho la Paris. Huwa tunaelezwa kwamba msanii wa aina hii hukizunguka kitu, kisha akatuonyesha pande zake zote kwa mara moja.

Sawa, lakini kuzunguka kunataka ruhusa ya kutembea. Mimi napanda Probox Lodwar, kilomita kama 120, nafika Kakuma, nazunguka, narudi kulala kwetu. Yeye akitaka kutoka kambini lazima apate pasi kwanza. Basi nani ana haki ya kuuchora mji wa mwenzake?

Jibu la haraka ni kwamba aseme anayeishi pale. Lakini mimi naishi Lodwar, na sijawahi kuliona lile daraja kama muuza samaki anavyoliona. Na sheria hiyo ingemfungia huyu kijana mara mbili: asiende mjini, na asiuwaze.

Jibu la pili ni tamu zaidi: kila mtu ana upande wake, tuheshimiane. Hilo nalo nimelikataa. Kambi hii ipo tangu 1992, na mwaka 2025 mgao wa chakula ulikatwa, watu wakagawanywa kwa makundi kulingana na shida zao. Huwezi kumwambia mama aliyenyimwa mgao kwamba njaa yake ni "mtazamo". Kuna pande ambazo ni nzito kuliko nyingine.

Tena pande zimeshikana. Mkimbizi akikatiwa chakula, hana cha kununulia makaa, na shangazi yangu anarudi nyumbani na magunia yake vilevile. Ile njaa niliyoiandika kama yetu na ule mgao niliouandika kama wao vilikuwa vimefungwa kamba moja. Sikuiona kamba hiyo kwa sababu nilisimama mahali pamoja nikaita hapo ndiyo Kakuma yote.

Tofauti yetu ni hiyo. Yeye alijua Lodwar kidogo kuliko nilivyoijua Kakuma, ila mchoro wake unakiri. Viungo vinaonekana. Unaona pale kipande cha muuza samaki kinapoishia na cha boda kinapoanza, na unaona mbao tupu ya asichojua. Makala yangu ilikuwa laini kabisa, huwezi kujua niliyasikia wapi, wala niliacha nini. Nimeanza kuamini kwamba uongo wangu ulikaa kwenye ule ulaini, kwa sababu sentensi zenyewe, ukizichukua mojamoja, zote ni za kweli.

Sijaomba makala ifutwe. Nimemwandikia mhariri aongeze mstari mmoja juu: mwandishi alikaa Kakuma siku mbili, na aliongea na wauza makaa peke yao. Hajanijibu.

Na ile sehemu tupu kwenye ubao? Nilipoitazama vizuri, ni mtaa wetu. Nikakalia ndoo, nikaanza kumweleza.