Mshairi Aliyemrudia Mungu



Hapa Gisenyi tunasikia wenyeji bado wakiimba nyimbo za Cyprien Rugamba, mshairi wa Rwanda aliyezaliwa mwaka 1935. Alisoma seminari, kisha akaipoteza imani. Mke wake, Daphrose, alilia sana kwa ajili yake, lakini hakuacha kuomba. (Sisi wachungaji tungekuwa tumeshachoka.) Mwaka 1982 Rugamba alimrudia Mungu, na kalamu yake ikaokoka pamoja naye. Wote wawili waliwalisha watoto wa mitaani wa Kigali. Tena alipinga ukabila, wakati kabila la kila mtu liliandikwa kwenye kitambulisho chake. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita.

Tunajua alikuwa Mkatoliki, asikwazike mtu. Sisi tuliookoka, tuliokimbia Kongo kwa sababu ya kabila, mbona tunaulizana chinichini kila anapokuja mwimbaji mgeni: huyu ni wa upande gani? Vitambulisho vilifutwa kabila, je, mioyo yetu? Someni Wagalatia 3:28. Jumapili hii kwaya zetu mbili zitaimba pamoja. Mazoezi ni Ijumaa, saa tisa.