"Si Tunajitolea Tu": Je, Asiyelipwa Hadaiwi?



Wapendwa vijana, leo naanza na kosa langu mwenyewe, halafu tutafakari pamoja.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mlangali. Anayeijua Mlangali anaujua ukungu wake wa mwezi wa sita: saa mbili asubuhi bado huoni nyumba ya jirani. Vijana wa kigango chetu tulikuwa tumeunda kamati ndogo ya watu watano. Kazi yetu ilikuwa moja tu: kila Jumamosi kukutana uwanjani karibu na kanisa na watoto wenye ulemavu, tucheze nao. Mpira, kamba, nyimbo, ngoma za ndoo. Mimi nilipewa ukatibu, maana watu wanaamini frateri lazima ajue kuandika. Hakuna aliyelipwa hata shilingi.

Jumamosi ya nne sikwenda. Usiku nilikuwa nimekesha kuangalia mpira, asubuhi usingizi ukanishinda. Wenzangu nao, kila mmoja alidhani mwingine ataenda. Na ufunguo wa stoo yenye vifaa nilikuwa nao mimi. Jioni mmoja wetu alipouliza imekuwaje, nikajibu kwa wepesi kabisa: "Si tunajitolea tu, jamani."

Wiki iliyofuata akanisogelea mama mmoja ambaye mwanawe ana mtindio wa ubongo. Nikamwamkia. "Marahaba, Frateri," akaitika. Kisha akasema, bila hasira yoyote: "Jumamosi ile tulikuja. Tulikaa mpaka saa sita. Mwenzio alikuwa ameamka alfajiri anadai viatu."

Mtoto huyo ana miaka tisa. Hatembei. Mama yake anambeba mgongoni kupandisha kilima. Viatu anavidai kwa sababu siku ya kucheza, kwake, ni siku ya kuvaa viatu.

Nimesoma falsafa miaka mitatu, lakini pale uwanjani sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali hili haliniachi: mtu anayetumikia bure, anadaiwa nini? Au hadaiwi kitu, kwa kuwa chochote anachotoa ni zawadi?

Kwanza: je, si mchezo tu?

Kuna mtu atasema, Frateri, unakuza mambo. Hukumnyima mtoto dawa wala chakula. Umemnyima kucheza, basi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuliona hivyo. Katika *Summa Theologiae* anauliza kama kuna fadhila katika mambo ya michezo, na anajibu kwamba ipo. Mwili ukichoka unapumzishwa, na roho nayo ina uchovu wake, na pumziko lake ni furaha ya mchezo. Anakumbusha simulizi ya kale juu ya Yohane Mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale, kisha mwingine, na mwingine. Akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na roho ya mtu, akasema Yohane, isipolegezwa huvunjika.

Sasa mfikirie mtoto ambaye upinde wake haulegezwi kamwe. Siku zote yuko ndani, anatazama ukuta. Wenzake wanakimbia nje na yeye anasikia sauti zao tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja waziwazi katika Ibara ya 30 haki ya kushiriki michezo na burudani. Kwa hiyo yule mama hakuja kuomba fadhila ya ziada. Alimleta mtoto kwenye kitu ambacho ni chake.

Kutoka kigangoni hadi bodi ya taifa

Kamati yetu ya watu watano ni kitu kidogo. Lakini mambo haya yana ngazi zake, na baadhi yenu mtafika juu, kwenye kamati tendaji na bodi za vyama vya kitaifa. Kwa hiyo tutazame huko pia.

Marekani, kumsaidia mgonjwa kwa njia ya burudani ni taaluma kamili. Kuna wataalamu wanaotumia michezo, muziki, sanaa na bustani kumrudishia uwezo mtu aliyepata kiharusi au mgonjwa wa akili. Chama chao cha kitaifa, American Therapeutic Recreation Association, kilianzishwa mwaka 1984. Wanaokaa kwenye bodi yake ni watu wanaojitolea. Wana ajira zao na familia zao, na juu ya hayo wanabeba chama cha nchi nzima.

Special Olympics, ambayo ipo hata hapa kwetu Tanzania, ina historia ya namna hiyo. Eunice Kennedy Shriver, Mkatoliki mwenzetu, alikuwa na dada mwenye ulemavu wa akili aliyeitwa Rosemary. Mwaka 1962 alifungua kambi ya michezo kwa watoto wa aina hiyo nyumbani kwake, Maryland. Mwaka 1968 michezo ya kwanza ya kimataifa ikafanyika Chicago, ikiwa na washiriki wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada. Leo kazi hiyo imeenea dunia nzima, na nguzo yake kubwa ni walimu, wazazi na makocha wasiolipwa.

Sasa ona tofauti ya bodi na uwanja. Mimi uwanjani nilimwona mama usoni. Mjumbe wa bodi anaona karatasi: bajeti, hesabu zilizokaguliwa, katiba, barua ya kuajiri mtendaji. Asipotokea, akidi haitimii. Akidi isipotimia, bajeti haipitishwi. Bajeti isipopitishwa, nauli ya kocha haitoki. Na mahali fulani, kilomita mamia kutoka ukumbi wa mkutano, kuna mtoto amevaa viatu anasubiri. Mjumbe hatamjua kamwe. Ndiyo maana dhambi ya kiti cha juu ni rahisi kuitenda na kulala usingizi mzuri.

Uhuru wa kuanza, na uhuru baada ya kuanza

Neno "kujitolea" lenyewe linatuchanganya. Tunasikia "hiari", tunadhani hiari inaendelea kila asubuhi: leo nikitaka nakwenda, kesho nisipotaka siendi. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Nilikuwa huru kukubali ukatibu au kuukataa. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini nilipokubali, watu walipanga maisha yao juu ya neno langu. Mama alipanga Jumamosi yake. Mtoto alipanga viatu vyake.

Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu aliyeahidi halafu akabadili nia, anatenda kinyume cha uaminifu. Angalia, hajauliza kama mtu huyo alilipwa. Ahadi inafunga kwa sababu ni ahadi. Mshahara unaongeza deni la mkataba juu yake, ila msingi ulikuwapo tayari.

Wazee wa Njombe wanalielewa hili bila kusoma kitabu. Wanajua mgowe: majirani wanakusanyika kukulimia shamba, nawe unawaandalia chakula na kinywaji, na zamu ya mwenzako ikifika unakwenda na jembe lako. Hakuna mkataba wala hati ya malipo. Lakini jaribu kula kwenye mgowe wa watu halafu ujifiche siku ya zamu yao. Hutashtakiwa mahakamani, ila kijiji kizima kitajua wewe ni mtu wa namna gani.

Na Bwana wetu ametupa mfano wa wana wawili (Mt 21:28-32). Mmoja alikataa kwenda shambani, baadaye akajuta akaenda. Wa pili alisema ndiyo kwa adabu zote, asiende. Mimi ni yule wa pili. Wengi wetu kwenye kamati ni yule wa pili. Tunapenda ile dakika ya kuchaguliwa, makofi, picha ya kundi, halafu shamba linabaki na magugu.

Lakini tukikaza hivi, nani atajitolea?

Pingamizi hili ni la kweli na silidharau. Vijana wana mitihani, wanatafuta riziki, wanauguza wazazi. Ukimwambia kila anayejitolea kwamba amejifunga, wengi watakimbia.

Thoma mwenyewe anakubali kwamba hali ya mtu au ya jambo lenyewe ikibadilika, mtu anaweza kusamehewa ahadi yake. Uaminifu hautudai tuwe mashine. Ila una adabu zake. Kama huwezi, sema mapema. Kama huwezi tena kabisa, jiuzulu, kabidhi daftari, kabidhi ufunguo. Kujiuzulu vizuri nako ni kutumikia. Kinachoumiza ni kung'ang'ania kiti usichokikalia, kwa sababu unamzuia yule ambaye angekikalia. Mimi ningetuma ujumbe mmoja tu Ijumaa usiku, mwingine angekuja kuchukua ufunguo. Sikutuma, kwa kuwa moyoni niliamini kwamba anayetoa bure haulizwi.

Na imani hiyo ikikua, inazaa jambo baya zaidi ya uvivu. Anayetumikia bure miaka mingi huanza kusema "chama changu". Ukimwomba hesabu, anakasirika: "Mimi ninayejitolea hivi, mnanikagua?" Watu nao wanaona aibu kuuliza, kwa sababu ni mtu mwema.

Hapa nataja mfano unaouma. Jean Vanier alianzisha L'Arche huko Ufaransa mwaka 1964, jumuiya ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasio na ulemavu wanaishi pamoja. Ipo hata Kenya na Uganda. Wengi walimwita mtakatifu akiwa hai. Alifariki mwaka 2019, na mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza: Vanier aliwadhulumu kijinsia wanawake kadhaa chini ya kivuli cha kuwaongoza kiroho. Kazi ya jumuiya zile ni njema mpaka leo. Lakini wema wa kazi haukuwalinda wale wanawake. Nawaheshimu viongozi waliokubali kuuliza na kuchapisha majibu, ingawa yaliwavunja moyo. Kumuuliza kiongozi anayejitolea ni sehemu ya upendo, na kukubali kuulizwa ni sehemu ya kujitolea.

Tufanye nini?

Ndugu zangu wa VIWAWA mnaijua njia ya Kardinali Cardijn: ona, amua, tenda. Basi wiki hii:

*Ona.* Una nafasi gani uliyoikubali bure? Kwaya, jumuiya ndogo ndogo, kamati, TYCS? Nani anasubiri upande wa pili wa neno lako? Mtafute umjue kwa sura.

*Amua.* Je, unaiweza bado? Jibu kwa ukweli, mbele ya Mungu, bila kujitetea.

*Tenda.* Kama unaiweza, fika kwa wakati. Kama huiwezi, kabidhi vizuri. Kama wewe ni mhazini, fungua daftari kabla hujaombwa.

Mimi nilianza na dogo. Nilichonga funguo mbili za ziada, moja akapewa mwenyekiti, nyingine yule mama. Alizipokea habari hizo kwa kucheka: "Sasa mimi nami ni kamati?" Nikamwambia ndiyo, mama, tena wewe ndiye ulikuwa kamati muda wote.

Tuombe: Ee Yesu, wewe hukuja kutumikiwa bali kutumikia, wala hukutuambia kwamba ulikuwa unajitolea tu. Utusaidie tuliosema ndiyo, twende shambani. Na wale tuliowaacha wakisubiri, uwape subira ya kutusamehe. Amina.