Nani Kakuambia Umechelewa?

Mtaje jina. Ni nani hasa aliyepiga hesabu ya umri wako, akaitazama ndoto yako, kisha akakutangazia kwamba muda wako umekwisha?

Hayupo.

Umejiambia mwenyewe, tena mara nyingi, mpaka ukaamini.

Basi sikiliza habari za bendi moja ya roki ya Uingereza inayoitwa Pulp. Ilianzishwa mwaka 1978 mjini Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, na mvulana wa shule aitwaye Jarvis Cocker. Mrefu, mwembamba, miwani usoni. Jina la bendi lilitokana na orodha ya bei za bidhaa katika gazeti la Financial Times, upande wa kahawa. Siku za Jumamosi kijana huyo alisugua kaa kwenye meza ya muuza samaki sokoni. Hakuwa na mtaji.

Mwaka 1981 alimkabidhi kanda yao John Peel, mtangazaji wa BBC ambaye wapenzi wa muziki mpya nchini humo walimsikiliza kwa makini. Peel akawaita, wakarekodi nyimbo kwa ajili ya kipindi chake. Vijana wa shule, BBC!

Unadhani mlango ulifunguka hapo?

Haukufunguka. Wenzake wakaondoka kwenda vyuo vikuu, akabaki kuunda bendi upya. Albamu ya kwanza ikatoka 1983, ikapita kimya. Ya pili ikatoka 1987, ikapita kimya. Ya tatu waliirekodi mwaka 1989, nayo haikutoka mpaka 1992. Hebu fikiria. Kazi umeimaliza, jasho limekauka, halafu inakaa miaka mitatu ikimngoja mtu wa kuitoa. Wewe ungefanya nini? Wewe uliyeacha kwa sababu ulipata laiki tisa?

Na katikati ya miaka hiyo, 1985, Jarvis alianguka kutoka dirishani. Alikuwa akining'inia nje ili kumfurahisha msichana. Mikono ikachoka, akadondoka. Akavunjika nyonga, mguu na kifundo cha mkono. Lakini bendi ilikuwa na maonyesho. Wakampandisha jukwaani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akaimba.

Soma tena hapo.

Aliimba kwenye kiti cha magurudumu, na bendi yenyewe karibu hakuna aliyeijua! Kwa nyonga iliyovunjika, watu wangapi wangemlaumu kama angebaki kitandani? Hakuna. Udhuru alikuwa nao, halali kabisa, wenye cheti cha hospitali. Hakuutumia. Wako una cheti gani?

Kwenye kinanda alikuwapo Candida Doyle, aliyeishi na baridi yabisi tangu ujana wake. Mpiga kinanda, mwenye maradhi ya viungo. Alipiga.

Hata hivyo mimi naona ile albamu iliyokaa miaka mitatu ndiyo iliyokuwa pigo zito kuliko yote. Mfupa huunga. Kazi iliyopuuzwa humrudia mtu usiku na kumuuliza kama ana akili timamu. Nawe umeulizwa swali hilo, najua. Ukajibu nini?

Watu hupenda kusema subira huvuta heri. Sina ugomvi na methali hiyo. Ugomvi wangu ni na wewe unayeigeuza mto wa kulalia. Pulp hawakukaa wakingoja. Jarvis alihamia London mwaka 1988 kusomea filamu katika chuo cha Saint Martins, na bendi ikaendelea. Wakatunga. Wakatupa. Wakatunga tena.

Siku moja alipeleka sehemu ya santuri zake kwenye duka la mitumba mtaa wa Notting Hill, na kwa thamani yake akachukua kinanda kidogo cha Casio. Kilichotumika. Akakaa nacho, akabonyeza, tuni ikaja. Tuni hiyo ndiyo iliyozaa "Common People", wimbo uliotoka Mei 1995 na kufika namba 2 kwenye chati za Uingereza.

Kinanda cha mitumba!

Na wewe bado unangoja kamera mpya? Kompyuta mpya? Mwezi mpya?

Mwezi mmoja baada ya wimbo huo kutoka, bendi ya Stone Roses ilitakiwa kufunga usiku wa Jumamosi katika tamasha la Glastonbury. Mpiga gitaa wao akavunjika mtulinga kwenye ajali ya baiskeli, wakajitoa. Zikiwa zimebaki siku chache, waandaaji wakawaita Pulp.

Utasema ni bahati. Haya, tuseme ni bahati. Ingekuita wewe wiki hii, ingekukuta na nini? Nyimbo ngapi? Kurasa ngapi? Nguo ngapi ulizoshona zikiwa tayari kuvaliwa? Pulp walipanda jukwaani na miaka 17 ya mazoezi, wakathubutu kupiga hata nyimbo ambazo zilikuwa hazijatoka. Umati ukaimba nao. Jarvis, mwenye miaka 31, akawaambia watu wale kwamba kama mtu wa sampuli yake ameweza, basi nao wanaweza.

Oktoba mwaka huohuo ikatoka albamu ya Different Class, ikashika namba 1. Mwaka 1996 ikatwaa tuzo ya muziki ya Mercury, na fedha za tuzo wakalipa shirika la War Child, linalosaidia watoto wa vitani.

Nao hawajamaliza. Juni 2025 walitoa albamu iitwayo More, ya kwanza baada ya miaka 24. Ikashika namba 1. Jarvis alikuwa na miaka 61.

Wewe una mingapi?

Usinijibu. Zima simu. Litafute lile daftari, ufungue ukurasa ule ulioachia katikati ya sentensi, uimalize sentensi hiyo. Itakuwa mbovu. Iandike hivyohivyo, kisha andika inayofuata, kabla hujala chakula cha usiku.