Je, Ukweli Waweza Kukatazwa?

Msomaji mpendwa, yatazame maneno tuyatumiayo kila siku. Alfajiri twasema jua linachomoza. Adhuhuri twasema jua liko utosini. Jioni twasema jua limetua, kana kwamba ni ndege aliyefika kiotani. Hata saa zetu twazihesabu kwa jua, maana saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha. Walakini umefundishwa darasani kwamba jua halipandi wala halishuki, bali dunia tuikanyagayo ndiyo inayozunguka kama pia mara moja kwa siku, na kulizunguka jua mara moja kwa mwaka. Je, asemaye kwamba jua limetua ni mwongo? Hasha. Husema kama macho yake yaonavyo, na wenzake humwelewa. Lihifadhi jambo hili dogo moyoni, kwa kuwa lina sehemu kubwa katika ugomvi nitakaokusimulia.

Kwa muda wa miaka ipatayo 1,400, wataalamu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu waliyafuata mafundisho ya Ptolemy, mtu wa Alexandria katika nchi ya Misri, aliyeishi katika karne ya 2. Yeye alifundisha kwamba dunia imetulia katikati, na kwamba jua, mwezi, sayari na nyota zote huizunguka. Mafundisho hayo hayakuwa upuzi. Yalipatana na macho ya kila mtu, na kwa hesabu zake watu waliweza kutabiri kupatwa kwa jua na mwezi. Kisha mwaka 1543 kikapigwa chapa kitabu cha Nicolaus Copernicus, mmoja wa makanoni wa kanisa kuu la Frombork, Poland. Alisema kwamba jua ndilo lililo katikati, na dunia ni sayari kama sayari nyingine. Kitabu chake alikitunuku kwa Papa Paulo III, na mwaka uo huo akafariki.

Upinzani haukuwa wa madhehebu moja. Mwaka 1549 Philipp Melanchthon, mwenzi wa Martin Luther katika kuanzisha Kanisa la Kiprotestanti, aliandika kuipinga rai hiyo. Hoja kubwa ya wapinzani ilitoka katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Yoshua chasimulia jinsi jua lilivyoamriwa lisimame wakati wa vita; na lisilotembea, walisema, haliwezi kuamriwa kusimama. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, halikukipiga marufuku kitabu cha Copernicus kwa zaidi ya miaka 70.

Mambo yalibadilika alipotokea Galileo Galilei, Mwitalia aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Mwaka 1609 aliielekeza darubini mbinguni. Mwezi wa Januari mwaka 1610 akaona nyota ndogo nne zikiizunguka sayari ya Mshtarii. Ikawa dhahiri kwamba si kila kitu kilichoko mbinguni huizunguka dunia. Baadaye akaiona Zuhura ikikua na kupungua kama mwezi, kwa namna isiyoweza kuelezwa ila kwa kukubali kwamba sayari hiyo hulizunguka jua. Mwaka 1616 wanazuoni wa dini walioulizwa shauri huko Roma walitamka kwamba kusema jua limesimama ni upumbavu katika elimu na uzushi katika imani. Galileo akaonywa aiache rai hiyo, na kitabu cha Copernicus kikazuiwa mpaka kisahihishwe.

Hapa, msomaji, usifanye haraka ya kucheka. Wapinzani hao walikuwa na watu wenye akili miongoni mwao, na hoja zao si zote zilizokuwa dhaifu. Waliuliza: ikiwa dunia yasafiri mwendo mkubwa kulizunguka jua, mbona hatuzioni nyota zikibadili mahali pao, kama msafiri wa jahazi aonavyo minazi ya pwani ikipishana? Jibu ni kwamba nyota ziko mbali mno, hata badiliko hilo halionekani kwa macho matupu. Na hapana aliyeweza kulipima mpaka Friedrich Bessel alipolipima mwaka 1838. Galileo naye alitegemea sana hoja ya bahari: alidai kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mwendo wa dunia. Mvuvi yeyote wa Lamu angaliweza kumkosoa, maana ajua kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mwaka 1615 Kadinali Roberto Bellarmino aliandika kwamba kama ungepatikana ushahidi wa kweli, ingelazimu kuyaeleza Maandiko kwa hadhari, na kukiri kwamba hatukuyaelewa, kuliko kuliita uongo jambo lililothibitishwa. Hayo ni maneno ya mtu mwenye busara.

Kosa basi lilikuwa wapi? Kuwa na shaka hakukuwa kosa. Shaka ni mlinzi mwema wa elimu, humwambia mgeni, "Leta ushahidi wako." Marufuku humwambia, "Usiutafute." Bellarmino aliuliza habari ya ushahidi, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea Galileo onyo la mwaka 1616. Mlango ulifungwa, kisha aliyekuwa nje akalaumiwa kwa kutoingia.

Mwaka 1632 Galileo alitoa kitabu cha mazungumzo kilichopambanisha rai zile mbili. Mwaka 1633 akaitwa Roma na kushtakiwa mbele ya baraza la kuchunguza imani. Tarehe 22 Juni, akiwa mzee wa miaka 69, alipiga magoti akaikana rai yake. Alifungiwa nyumbani mwake Arcetri, karibu na Florence. Huko akapofuka macho, na huko akafa mwaka 1642. Ngano husema kwamba alipoinuka alinong'ona kuwa dunia yaenda tu. Hapana ushahidi kwamba alinena hivyo, wala haikuhitajika anene. Dunia haikusimama hata nukta moja kuisikiliza hukumu.

Labda utauliza kama Galileo alikuwa mwoga. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Mimi naona kwamba neno lililotolewa kinywani kwa vitisho halina thamani kwa upande wowote: halimfedheheshi sana aliyelitamka, na halimpi faida aliyelilazimisha. Wale waamuzi walitaka kuulinda ukweli, wakapata sauti ya mzee mwenye hofu.

Tena waliidhuru dini waliyoipenda. Galileo mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwaminifu. Mwaka 1615, katika waraka kwa Christina wa Toscana, alieleza kwamba Maandiko husema na watu kwa lugha ya watu. Ndivyo sisi tusemavyo kwamba jua limetua. Njia ya amani ilikuwapo tangu mwanzo, na muumini ndiye aliyeionyesha. Kwa kuikataa, wakuu wa Kanisa waliifunga imani yao kwenye jambo liwezalo kupimwa kwa darubini na hesabu, nalo lilipopimwa wakabaki na mzigo. Vitabu vya Copernicus na Galileo viliondolewa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanazuoni wale walikosea. Tangu hukumu mpaka ungamo hilo ni miaka 359.

Msomaji, usidhani kwamba kosa hili ni la makasisi peke yao. Baba nyumbani, mwalimu darasani, mkuu wa chama, hata bingwa wa sayansi mwenyewe, kila mmoja huweza kuudhikia swali kwa sababu linakitikisa kiti chake. Nawe utakapokuwa mkubwa utaletewa jambo linalopingana na uliyofundishwa. Huna wajibu wa kulikubali siku hiyo hiyo. Mengi yaletwayo kwa jina la upya ni makapi. Ukiwa hujaridhika, sema "bado", na useme ni ushahidi gani utakaokuridhisha. Lakini usiseme "marufuku", kwa kuwa neno hilo laweza kumnyamazisha aliye mbele yako, lisiweze kulibadili jambo lenyewe. Aliyeambiwa "bado" hurudi kesho na hoja bora zaidi. Aliyeambiwa "marufuku" hurudi akiwa na hofu, au harudi kabisa, nawe ukabaki na kosa lako bila wa kukusahihisha.