Nasaha juu ya Ulevi na Dawa Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu wa Mbulu na Hanang, ulevi umeingia majumbani mwetu. Huyu hunywa gongo, na huyu huvuta bangi, na huyu hutafuna mirungi, na Mtume (s.a.w.) amekwisha tubainishia kuwa kila chenye kulevya ni haramu, basi jina la kitu halibadili hukumu yake.

Lakini yatupasa tujue jinsi ulevi unavyomshika mtu. Mwanzo hunywa kwa hiari yake. Akidumu, mwili na ubongo huzoea, na kipimo cha jana hakimtoshi leo; hata ifike siku awe hanywi kwa kutaka raha, bali hunywa asitetemeke. Hapo dhambi imekuwa maradhi pia, na mwenye mawili huhitaji dawa mbili: toba kwa Mola wake, na tiba kwa tabibu.

Wako wazee ambao, kwa uchungu wa mtoto wao, humfungia chumbani ili aache gongo kwa siku moja. Jihadharini! Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafula, huenda siku ya pili au ya tatu akashikwa na kifafa, akaona visivyokuwapo, na pengine akafa. Mpelekeni hospitali ya wilaya, au ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, apewe dawa za kuutuliza mwili, na aangaliwe mpaka hatari ipite. Naye mwenye kutumia heroini ana dawa yake, methadoni, ambayo Muhimbili huitoa tangu mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, akaweza kuacha sindano na kurudi kazini. Bangi na mirungi hazina dawa ya namna hiyo. Mtumiaji husaidiwa kwa mashauri ya tabibu na kwa subira ya jamaa zake.

Tazameni hekima ya Muumba. Watu wa kwanza walielezwa kwamba dhara ya ulevi ni kubwa kuliko nafuu yake. Kisha wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa. Mwisho ikashuka aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida, ikakata. Leo haramu ni haramu, haina daraja; lakini Aliyetuumba aujua udhaifu wetu.

Na katika Sahihi ya Bukhari mna habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume mara nyingi kwa kunywa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, na undugu ukabaki. Basi sisi ni nani hata tumfukuze mtu msikitini, na kumnyima salamu, na huku twataka atubu?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe subira ya kuwauguza. Amin.